UZI: Korona imepita, unene wa watoto wetu umebaki. Tuzungumze bila kuoneana haya

Mwalimu_Kikwajuni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Jambo lenyewe ni watoto wanene. Najua kwetu hili halizungumzwi. Mtoto akiwa na mashavu tunasema mashallah, mamake anajua kulea. Akikonda, mtaa mzima unauliza anaumwa nini. Lakini mie ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa mjini Unguja, na nimeona madarasa yakibadilika tangu ile miezi ya korona. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2020 sasa wako sekondari, na wengi wao ule uzito wa 2020 wamepanda nao madarasa.

Tukumbushane kidogo. Skuli zilifungwa katikati ya Machi 2020. Kitu ambacho watu wanakisahau ni kuwa hapo hapo masika yakaingia. Kwa hiyo yule ambaye mamake alikuwa anaogopa korona alifungiwa na mamake, na yule ambaye mamake hajali alifungiwa na mvua. Kisha mwisho wa Aprili ikaingia Ramadhani, watoto wakakesha na kulala mchana mpaka Idi ya Mei. Madarasa yalipoanza kufunguliwa mwezi wa sita, ilikuwa imeshapita robo ya mwaka.

Sasa chukueni mtoto mmoja wa maghorofa ya Michenzani, anakaa juu kabisa. Kabla ya korona siku yake ilikuwa hivi: anashuka ngazi alfajiri, anakwenda skuli kwa miguu, anarudi adhuhuri, anakula, anakwenda chuoni, chuo cha Kurani, kwa miguu, anarudi, na kutoka alasiri mpaka adhana ya magharibi yuko chini uwanjani na wenzake. Hakuna mtu aliyemwambia afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa nguvu ya kiasi au zaidi kila siku. Huyu alikuwa anazipata bila kujua kama kuna anayezihesabu.

Skuli ilipofungwa, na chuo kikafungwa, na uwanja ukakatazwa, vyote vilikwenda siku moja. Mtoto akawa anaamka saa nne na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari na boflo lililopakwa siagi. Saa sita katuni na kripsi. Mchana wali. Alasiri anateremsha ndoo kwa kamba mpaka dukani, hata ngazi hashuki: pesa zinakwenda chini, soda na biskuti zinapanda juu. Usiku simu ya baba, gemu, mpaka saa saba. Kulikuwa na vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, nazo ni saa nyengine za kukaa kitako.

Watu wengi wanasema watoto walikula sana. Walikula, ndiyo. Lakini kwa ninavyoona mie, kula ni nusu tu ya habari. Siku yao ilivunjika. Na skuli zilipofunguliwa, siku ile haikurudi kama ilivyokuwa. Wazazi waliokuwa wakiogopa daladala waliwazoesha watoto bodaboda, na bodaboda ikabaki. Simu aliyopewa "ya kusomea" ikabaki. Ustadhi aliyekuwa akija nyumbani, baadhi ya nyumba bado anakuja nyumbani. Korona ilitupa sababu ya kuleta kila kitu mlangoni, na sababu ilipoondoka tukaona raha kuendelea.

Nataka kusikia mlioona nyie. Anayetaka kusema watoto wa siku hizi wavivu, apite tu. Mtoto wa miaka minane hajinunulii bando wala hajikodishii bodaboda.

---

Yakhe_wa_Konde

Waalaykum salaam mwalimu. Yakhe, hayo ni ya mjini. Huku kwetu Pemba, kaskazini huku, mwaka ule watoto walikuwa wanakwenda kuchimba muhogo na kuteka maji, wengine baharini na baba zao. Hakuna aliyenenepa. Tena mnasahau kuwa mahoteli yalifungwa. Vijana wetu waliokuwa Nungwi na Paje wakirusha pesa kila mwezi walirudi nyumbani na mabegi. Utalii unabeba zaidi ya robo ya pato la visiwa hivi, ukisimama, sufuria inajua. Mie nilikuwa naona watoto wanakonda. Unakuja kutwambia habari ya unene?

---

Fundi_Darajani

Mie si daktari, mie nashona. Nikwambieni kitu kimoja tu nilichokiona kwa mikono yangu.

Kila mwaka skuli zikifunguliwa watu huniletea sare za mwaka uliopita. Kazi yake naijua: sketi na suruali kushusha pindo, kwa sababu mtoto karefuka. Ndiyo maana fundi mzuri akishona sare huacha pindo nene, la kushusha mara mbili. Kiuno hatuachi kitu kikubwa, kwa sababu mtoto anarefuka kwanza, kiuno kinafuata polepole.

Mwezi wa sita 2020 kazi ilikuwa ya viuno. Mama anakuja na suruali, pindo halijaguswa, urefu ule ule, lakini kifungo hakifiki tundu kwa vidole viwili. Nafumua mshono wa nyuma, natoa kilichomo, hakitoshi, naunga kipande cha kitambaa chengine. Zile sare zilikuwa za bluu iliyofifia kwa kufuliwa, na nyuma pana mstari wa bluu mpya. Watoto walikuwa wanachekana kwa ule mstari.

Na si watoto wa matajiri peke yao. Wa matajiri hununua mpya, hawaji kwangu kuunga.

---

Ukhti_Mombasa

Fundi umeniua. Mwanangu alikuwa nao huo mstari. (Mombasa ya Unguja jamani, msije mkaniuliza habari za Kenya.)

---

Nesi_Ngambo

Bismillah. Nimekaa nasoma, sasa nichangie kwa urefu kidogo, mtanisamehe.

Kwanza namjibu Yakhe wa Konde. Njaa na unene havikimbiani, vinakaa shehia moja, na wakati mwengine nyumba moja. Pesa ikipungua, kinachoondoka kwanza mezani ni samaki, mboga na matunda. Kinachobaki ni wali mweupe, boflo, chai ya sukari na vya kukaanga, kwa sababu vinashibisha kwa bei ndogo. Mtoto anaweza kuwa na tumbo kubwa na bado akawa na upungufu wa damu. Takwimu za afya za nchi nzima za mwaka 2022 zinaonesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto aliyedumaa udogoni, akija kulishwa sukari na mafuta ukubwani, ni mwepesi zaidi wa kuweka mafuta mwilini. Kwa hiyo kaka, uliyoyaona wewe na aliyoyaona mwalimu yote yalitokea.

Pili, aliyoyasema mwalimu kuhusu siku kuvunjika yana ushahidi nje huko. Marekani wamefuatilia watoto miaka mingi kabla ya korona na kukuta kuwa wananenepa zaidi wakati wa likizo ndefu kuliko wakati wa skuli. Chakula cha skuli zao wanakilaumu kila siku, lakini hata hivyo skuli inawakinga, kwa sababu ina saa ya kula, saa ya kucheza na saa ya kuamka. Korona ikaja kama likizo isiyo na mwisho. Kituo chao cha kudhibiti maradhi kilichunguza rekodi za watoto na vijana 432,302 wa miaka 2 hadi 19: kasi ya kuongezeka uzito kulinganisha na urefu ilikaribia mara mbili ya ilivyokuwa kabla, na wenye unene uliokithiri wakatoka asilimia 19 Agosti 2019 wakafika 22 Agosti 2020. Uingereza wao huwapima watoto maskulini kila mwaka. Wale wa miaka minne na mitano wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 9.9 mwaka wa masomo 2019/20, mwaka uliofuata wakawa 14.4. Wa miaka kumi na kumi na moja walitoka 21.0 wakafika 25.5. Mwaka mmoja tu huo. Kabla ya hapo mabadiliko yao yalikuwa ya kitone kitone.

Na msidhani ni maradhi ya Wazungu. Duniani kote, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8 mwaka 1990. Mwaka 2022 wamefika 20.

Tatu, kinachonikera. Kinamama wananiletea mtoto kwa kikohozi, namtizama shingoni, nyuma pale, ngozi nyeusi, nene, ina mikunjo kama mahameli. Na kwapani vile vile. Namuuliza mama, ananambia "taka hizo, hataki kuoga vizuri, namsugua kwa dodoki na liwa kila siku hazitoki." Jamani, si taka. Kwa mtoto mnene, ngozi ile mara nyingi inasema kuwa insulini ya mwili wake inafanya kazi kwa shida. Ni mlango wa kisukari cha ukubwani, kile ambacho zamani tulikiona kwa wazee. Mtoto kasuguliwa mpaka kachubuka, na tatizo liko ndani. Ukiona shingo ya hivyo, mpeleke akapimwe. Vile vile anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, na anayelalamika magoti.

Na hili liwekeni mbali na hayo: mtoto mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa sana mpaka akarudi kukojoa kitandani, na anakonda ghafla, huyo msisubiri kliniki wala mganga. Hospitali siku hiyo hiyo.

Unene wenyewe haupimwi kwa macho. Mtoto hapimwi kama mtu mzima kusema kilo kadhaa ni nyingi. Unachukua uzito na urefu, unalinganisha na umri na jinsia kwenye chati. Wapo watoto mifupa mikubwa tu, na wapo ambao mama anawaona "kawaida" kumbe chati inapiga kelele, kwa sababu kawaida ya mtaa nayo imepanda.

---

Yakhe_wa_Konde

Nesi nimekufahamu. Lakini hebu tupe dawa, maana kueleza maradhi tu hata redio inaeleza.

---

Nesi_Ngambo

Dawa si kumnyima chakula. Hilo nalikataa kabisa. Mtoto anakua, akifungwa mdomo atadumaa au atakula kwa kuiba. Lengo ni uzito usimame, urefu uendelee. Mtoto wa miaka tisa akikaa na kilo zile zile mwaka mzima huku anarefuka, huyo keshapungua bila kuona njaa hata siku moja.

Anza na vya kunywa. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya linasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anazopata mtu kwa siku, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtoto wa skuli ya msingi hiyo sehemu ya kumi ni gramu 40 tu au karibu na hapo. Soda moja imemaliza hesabu, na bado hajanywa chai wala hajala malai. Na juisi za pakti ni dada yake soda, msidanganyike na picha ya embe. Ukikata vya kunywa peke yake, nyumba nyingi zimeshafika nusu ya safari.

Pili usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Akilala saa saba usiku na skuli anaamshwa saa kumi na moja, mwili unamdai, na mwili unaodai usingizi unaomba sukari. Simu ilale chumba cha mama.

Tatu, chakula kiwe kimoja kwa nyumba nzima. Ukimpikia mnene mchicha na wenzake unawapa chipsi, umemwadhibu. Na vyakula tunavyo! Muhogo, majimbi, shelisheli la kuchemsha, dagaa, mchunga, kisamvu, kunde. Punguza tui zito, usilimwage lote, punguza kukaanga. Samaki wa kupaka hajamdhuru mtu.

---

Mnene_Mstaafu

Nimesita kuandika. Mie nilikuwa mtoto mnene, kabla ya korona sana, miaka ya tisini. Nawaombeni kitu kimoja mnapoyazungumza haya: chungeni midomo.

Mwalimu wangu wa mazoezi, skuli siitaji, alikuwa akinita "gari la mchanga". Alidhani ananichekesha. Darasa zima likachukua jina. Unajua nilifanya nini? Siku ya michezo nilikuwa naumwa tumbo. Kila wiki, siku ile ile, tumbo. Nikakaa chini ya mwembe nakula kashata huku wenzangu wanakimbia. Ule mchezo ambao ungenisaidia, ndio niliokimbizwa. Na mama nyumbani naye kwa kunionea huruma ananiongezea chakula.

Sasa nasikia kuna skuli zinapima watoto uzito mbele ya darasa na kutaja kilo kwa sauti. Kwa jina la Mungu, acheni.

---

Nesi_Ngambo

Nakuunga mkono mia kwa mia kaka. Kupima kuwe chumbani, mtoto mmoja mmoja, na majibu apewe mzazi, si monita.

---

Bi_Kachori

Na mie niseme, maana naona mnanizunguka tu hamnitaji. Mie ndiye ninayeuza langoni kwa skuli. Bajia, kachori, muhogo wa kukaanga, embe mbichi za chumvi na pilipili, ubuyu, malai, na kripsi za pakti. Nalea watoto watatu na mama yangu kwa hilo beseni.

Mnataka niuze matunda. Nimeshauza. Machungwa ya kumenya ukiyamenya asubuhi, mapumziko yakipita na hayakwisha, jua linayachukua, hasara yangu. Ndizi ikitia doa mtoto haitaki. Kripsi haiozi. Leo haikununuliwa, kesho ipo. Mzee wa duka la jumla ananikopesha katoni ya kripsi na biskuti, ananambia lete pesa Ijumaa. Hakuna anayenikopesha machungwa. Nyie mnaoniona adui, nani katika nyie amenipa mkopo wa machungwa?

Tena nani anawapa watoto pesa? Zamani mtoto alikuwa anakuja na kibakuli, viazi vitamu, chapati. Siku hizi mama anaona tabu kuamka kupika, anampa pesa ya kula. Tangu korona zaidi, walisema vyombo vya nyumbani vitaleta maradhi, bora kitu cha pakti kilichofungwa. Skuli yetu ndiyo iliyosema hivyo! Kilichofungwa ndiyo hicho kripsi, biskuti na juisi. Watoto wakazoea. Sasa mnasema nimewanenepesha mie.

---

Ukhti_Mombasa

Bi Kachori umesema kweli tupu. Hata kwetu waliandika kwenye kile kikaratasi: "vyakula vilivyofungwa tu."

---

Mwalimu_Kikwajuni

Dada Bi Kachori, sijakuita adui na sitakuita. Hilo la katoni ya mkopo sikulijua na nadhani ni kiini hasa cha jambo, kuliko hotuba zote. Kama kamati ya skuli ingekubali kununua kilichobaki, au kuwakopesha wauzaji watatu wanne wa langoni machungwa na muhogo wa kuchemsha kama yule mzee wa jumla anavyowakopesha kripsi, hali ingebadilika kwa wiki moja. Pesa zenyewe si nyingi. Kamati hukusanya kwa mambo madogo kuliko haya: mapazia ya ofisi, zawadi za mgeni rasmi.

Muhogo wa kukaanga nao sina ugomvi nao mkubwa. Muhogo ni chakula. Ninachogombana nacho ni yale makopo ya enaji, vinywaji vya kuongeza nguvu. Juzi darasa la tano mvulana anatetemeka mikono, kanywa moja asubuhi badala ya chai. Kopo lenyewe limeandikwa si kwa watoto, kwa herufi ambazo hata mie nilivaa miwani. Mwenye duka karibu na skuli alinambia, "Mwalimu, akija na pesa yake nimuulize cheti cha kuzaliwa?" Naam, ana sare ya skuli ya msingi, cheti cha kuzaliwa cha nini?

---

Baraza_la_Malindi

Wakati wetu tulikuwa tunachupa baharini pale Forodhani kutwa nzima, tunarudi na njaa ya kula kuni. Hakuna nesi wala chati. Watoto wa siku hizi simu zimewamaliza.

---

Mwalimu_Kikwajuni

Nilisema wapite mzee wangu, lakini wewe karibu. Na Forodhani bado wanachupa, nenda alasiri ukawaone. Ila wote wavulana.

---

Kocha_Chandimu

Hapo pa mwisho mwalimu kagusa kidonda changu. Nafundisha mpira watoto wa mtaani, siku sita kwa wiki, bila malipo. Nina mambo ya viwanja.

Skuli zetu nyingi zilikuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana. Mtoto wa mkondo wa mchana anatoka jioni, chuo kinamsubiri au giza. Acheze saa ngapi? Baada ya korona zikaja fedha za ahueni. Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021, Zanzibar ikapata shilingi bilioni 230 humo, na sehemu yake ikaingia kwenye skuli. Leo tuna skuli za ghorofa ambazo zamani hazikuwepo. Mie nazipenda, kwa sababu mbili: mikondo inapungua, na darasa likipanda juu, ardhi inabaki chini. Ila sasa ile ardhi iliyobaki msiipange vibaya. Nimeona uwanja mzuri umewekwa matofali yote, watoto hawaruhusiwi kukimbia "watateleza", na pembeni gari zimeegeshwa. Mngewaachia mchanga, mchanga hauna gharama.

Viwanja vya mitaani navyo ni vibanda. Kila nikitoka likizo nakuta goli limekuwa duka la chipsi.

Na sisi Wazanzibari mazoezi tunayapenda, msiseme hatuyapendi. Januari mosi kila mwaka barabara inajaa watu wa vikundi vya mazoezi ya viungo, viongozi wako mbele, jezi mpya. Januari pili mtu anapanda bodaboda kutoka Kisiwandui kwenda Darajani.

---

Yakhe_wa_Konde

Kocha usicheke, hata huku Chake siku hizi mtoto anapelekwa skuli kwa bodaboda, na barabara ni ile ile tuliyokuwa tukiikimbia miguu mitupu. Nilipokuwa nasema hakuna unene Pemba nilikuwa nasema kwetu shamba. Wete na Chake madukani naona mambo yanageuka.

Lakini nikuulizeni, kutembea peke yake mtoto mdogo, magari yanavyokimbia, mzazi atakubali? Mie mwenyewe simruhusu wangu.

---

Mwalimu_Kikwajuni

Kwetu kuna wazazi wa uchochoro mmoja wamepanga zamu. Mama mmoja anatembea na watoto kumi na mbili asubuhi, kesho mwengine. Hawakuandika barua wala kuunda kamati, walianza kwa sababu bodaboda imepanda bei. Mafuta yamefanya kilichowashinda walimu.

---

Ukhti_Mombasa

Mie nina wasichana wawili, na hapa ndipo ninapokwama. Wavulana wanacheza chandimu, wanachupa, wanapanda baiskeli. Binti akifika miaka kumi, kumi na moja, anaambiwa umekua, kaa ndani. Mdogo wangu na mie tulicheza nage mpaka darasa la saba, uani kwa bibi, tunarusha mpira wa soksi mpaka mikono inauma. Nyumba ile sasa ni fleti, ua hakuna. Wangu wawili tangu 2020 wanajua kitanda, simu na jiko. Nikimwambia mkubwa atembee anasema watu wanamtizama. Wasichana wanacheza wapi, kocha?

---

Kocha_Chandimu

Ukweli? Kwangu hawachezi. Uwanja mmoja, wavulana wanafika kwanza, na wazazi hawapendi wachanganyike. Sikulaumu wala siwalaumu.

---

Mwalimu_Kikwajuni

Ukhti, skuli yetu ina ua wa nyuma, umezungukwa na ukuta, wavulana hawauoni. Jumamosi asubuhi tunaufungua kwa wasichana wa darasa la nne kwenda juu, na wa sekondari waliosoma kwetu wanaruhusiwa. Nage, kamba, rede, mbio za kupokezana. Mlangoni anakaa mwalimu mwanamke. Mwanzo walikuja wachache na wote wamekaa ukutani wanatizamana. Tulipowaita mama zao waje kucheza, hapo ndipo uwanja ulipochangamka. Mama mmoja wa makamo, mzito kuliko binti yake, alikuwa haguswi kwa mpira. Binti yake kamtolea macho.

Leta wako, hata kama hawasomi kwetu. Niinboksi nikuelekeze.

---

Ukhti_Mombasa

Nitakuja nao inshallah. Wavae nini lakini? Kwa sketi ya sare watajikwaa, na suruali ya kubana baba yao hataki kuiona.

---

Fundi_Darajani

Suruali pana ya kitambaa chepesi, shati refu linalofika magotini lenye mpasuo pembeni, na shungi la kuvuta kichwani lisilo na pini, ili akirusha mpira lisimvuke. Nimeshawashonea mabinti wa timu moja ya netiboli. Kitambaa mje nacho, mita tatu kwa mmoja.

---

Ukhti_Mombasa

Na bei ya kushona?

---

Fundi_Darajani

Njoo nao wawili niwapime kwanza. Na yule mwenye mstari wa bluu mlete pia, nimfumulie, nimshonee mpya.